Reli Iliyoishia Shingoni mwa Mlima

Kwa miaka mingi nilifundisha historia katika chuo cha ualimu, na niliwausia wanachuo wangu jambo moja: mkiliona jengo kubwa, msitosheke kumjua aliyeamuru lijengwe, muulizeni na aliyebeba mawe. Swali hilo laifaa sana stesheni ya Jungfraujoch, nchini Uswisi, iliyo mita 3,454 juu ya usawa wa bahari. Ulaya nzima hakuna stesheni ya reli iliyo juu kuliko hiyo.

Mwenye wazo anafahamika. Ni Adolf Guyer-Zeller, tajiri wa viwanda vya nguo. Agosti 1893, akitembea milimani na binti yake, aliona treni ikipanda kuelekea Kleine Scheidegg, mita 2,061. Usiku uleule akachora njia ya reli itakayoanzia hapo, ipenye ndani ya milima ya Eiger na Mönch, na kufika kilele cha Jungfrau, mita 4,158. Alikadiria kazi ya miaka saba.

Ilianza 1896, ikachukua miaka kumi na sita. Wachimbaji wengi walikuwa Waitalia waliokuja kutafuta riziki. Waliishi kambini kando ya barafu. Majira ya baridi theluji ilifunga njia, ikabidi chakula kiwekwe akiba mapema. Mwamba waliutoboa kwa mashine, wakaulipua kwa baruti, zaidi ya kilometa saba gizani. Ukigawanya urefu huo kwa siku za miaka ile, utaona kwamba walisogea mita moja na kitu tu kwa siku.

Februari 1899 mlipuko uliwaua wachimbaji sita kwa mpigo. Mwaka huohuo wafanyakazi waligoma, na mwezi Aprili Guyer-Zeller mwenyewe akafariki. Kazi haikufa naye. Ilipokwisha, watu 30 walikuwa wamepoteza maisha.

Reli ilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1912, sikukuu ya taifa la Uswisi. Gharama zilikuwa zimepita mbali makadirio, hivyo ikaishia pale shingoni, kati ya Mönch na Jungfrau. Kilele hakijafikiwa na reli mpaka leo. Wala sioni kwamba hiyo ni aibu. Mipango mingi ya wanadamu huishia shingoni, na bado huwafaa wengi.

Linalonigusa ni hesabu nyingine. Treni husimama kidogo pale Eismeer, abiria washuke kutazama barafu kupitia madirisha yaliyotobolewa mwambani, kisha huendelea. Safari nzima haifiki saa moja. Mwaka 2012, reli ilipotimiza miaka mia, ilifunguliwa njia ya maonyesho ndani ya mlima, na humo wachimbaji wanakumbukwa pamoja na tajiri wao. Ni haki yao. Tajiri alichora kwa usiku mmoja. Wao walilipa mita kwa mita.