Mtihani wa Ukarani: Mlango Mwembamba wa Enzi za Ukoloni



Juma hili tunapenda kuwatazama watu ambao historia yetu huwataja kwa haraka na kuwapita: makarani wa serikali ya kikoloni. Hawakuwa machifu wala mashujaa wa vita. Walikuwa watu wa kalamu. Walikaa bomani, wakaandika majina ya walipa kodi, wakatafsiri mashauri ya wanavijiji mbele ya Bwana Shauri, wakatunza majalada. Ili kuifikia meza ile iliwapasa kupimwa kwanza. Tujiulize basi: kipimo kile kilipima nini, nacho kilikuwa mikononi mwa nani?

Wazo la kumpata mtumishi wa serikali kwa njia ya mtihani ni la kale. Uchina iliwachagua maofisa wake kwa mitihani kwa karne nyingi, hata utaratibu huo ulipokomeshwa mwaka 1905. Uingereza, kwa upande wake, ilizoea kugawa kazi za serikali kwa kujuana: mwana wa rafiki, mpwa wa mheshimiwa. Mwaka 1854 mabwana wawili, Stafford Northcote na Charles Trevelyan, walitoa taarifa iliyopendekeza kwamba watumishi wapatikane kwa mtihani wa ushindani. Mwaka uliofuata, 1855, mtihani wa namna hiyo ukafanyika kwa ajili ya nafasi za juu za utawala wa India.

Kwa maandishi, mlango ule ulikuwa wazi hata kwa Wahindi wenyewe. Lakini mtihani ulifanyika London peke yake. Kijana wa Calcutta alipaswa kuvuka bahari, kwa gharama ambazo familia nyingi hazikuziweza, akashindane katika masomo yaliyopangwa kwa shule za Kiingereza. Mhindi wa kwanza kufaulu alikuwa Satyendranath Tagore, mwaka 1863. Mwishoni mwa miaka ya 1870 umri wa juu wa mtahiniwa uliteremshwa hadi miaka 19, na mlango ukazidi kuwa mwembamba. Ilipita mpaka mwaka 1922 ndipo mtihani huo ukaanza kufanyika na nchini India pia. Hapa tunapata fundisho la kwanza: mtihani waweza kusahihishwa kwa haki kabisa, na bado ukaikosa haki kwa mahali unapofanyikia, kwa umri unaotakiwa, na kwa lugha unayoitumia.

Tugeukie sasa kwetu Tanganyika. Wajerumani walihitaji waandishi, wakalimani, walimu na maakida, nao waliamua kuitumia lugha ya Kiswahili katika utawala. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikawa chemchemi ya watumishi hao. Lakini Kiswahili kilichotakiwa kilikuwa cha herufi za Kirumi. Watu wa pwani walikuwa wamekiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Walikuwa na barua, hati za biashara na tenzi. Msomi wa namna hiyo, aliyeheshimiwa mtaani kwake, aliweza kufika bomani akaonekana kama mtu asiyejua kusoma. Elimu yake haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni kipimo.

Kipimo kilibadilika tena baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoishika nchi, karani aliyetafutwa zaidi alikuwa yule ajuaye Kiingereza. Waliosomeshwa chini ya Wajerumani wakajikuta nyuma, na waliotoka shule za misheni zilizofundisha Kiingereza, kama ile ya Kianglikana ya Kiungani, Unguja, wakatangulia. Mmoja wao alikuwa Martin Kayamba. Aliajiriwa Tanga, akapanda hata kuwa karani mkuu wa wilaya, na mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa Waafrika waliopelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Kanisa letu nalo liliguswa na mabadiliko hayo. Shule nyingi za wamisionari zilikuwa shule za katekisimu: mtoto alijifunza sala, kusoma na kuandika, basi. Wamisionari wengine waliogopa kwamba kijana akijua Kiingereza ataikimbilia miji. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa Westminster, alikutana na viongozi wa Kanisa mjini Dar es Salaam. Aliwahimiza washirikiane na serikali katika elimu. Na pale ambapo nguvu hazitoshi kwa yote mawili, waziimarishe shule kwanza, hata kama ujenzi wa makanisa utasubiri. Maneno hayo yaliwashtua wengi. Lakini alikuwa ameuona ukweli mmoja: mtoto asiyefundishwa kinachoulizwa katika mtihani amekwisha kushindwa kabla ya kuketi mbele ya karatasi.

Sasa tutazame jambo ambalo si wengi wanaolifahamu. Mwafrika alipimwa kwa mwandiko, kwa hesabu na kwa Kiingereza ili awe karani wa daraja la chini. Je, mkuu wa wilaya aliyemtawala aliingia kazini kwa mtihani gani wa ushindani? Kwa makoloni ya Afrika, hakuna. Maofisa wa utawala walichaguliwa London kwa mahojiano na barua za wadhamini, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilisimamiwa na Ralph Furse wa Wizara ya Makoloni. Tabia, malezi na shule aliyotoka kijana ndivyo vilivyotazamwa. Mitihani yao ilikuja baadaye, wakiwa wamekwisha kupata kazi: sheria, na Kiswahili. Ndiyo, Bwana Shauri naye alikuna kichwa juu ya ngeli zetu!

Hata aliyefaulu vizuri hakupewa malipo sawa. Watumishi walipangwa katika ngazi tatu: Wazungu juu, Waasia katikati, Waafrika chini. Mwaka 1948 tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya Afrika Mashariki, iliuacha uendelee utaratibu wa kumlipa asiye Mzungu tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu, hata kama sifa zao ni sawa. Kwa kila shilingi 100 za mwenzake, yeye alipata 60. Utaratibu huo uliondolewa kufuatia tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Mtihani ulisema watu hawa wawili wanajua sawa. Bahasha ya mshahara ikasema si sawa.

Lakini chombo kilichotengenezwa ili kupata watumishi watiifu kilizaa na kingine. Mwaka 1922 makarani wa Tanga, Kayamba akiwa mbele yao, waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, wakakaa pamoja Wakristo na Waislamu. Mwaka 1929 ikaanzishwa African Association mjini Dar es Salaam. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, na katibu wake Kleist Sykes. Kutokana na mzizi huo ikaota TANU, tarehe 7 Julai 1954. Waliofundishwa kuandika barua za serikali walikuwa wamejifunza kuiandikia serikali barua zao wenyewe.

Wapendwa, hatuandiki haya ili kuidharau mitihani. Kujuana ni kubaya zaidi, maana humnyima maskini hata nafasi ya kujaribu. Leo vijana wetu husafiri usiku kucha kwenda kwenye usaili, vyeti vyao vikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na wengi hurudi mikono mitupu. Anayerudi hivyo asipokewe nyumbani kama mtu aliyepungua thamani. Yule msomi wa pwani hakuwa mjinga siku ile alipoambiwa hajui kusoma. Na wale wetu waliokabidhiwa kutunga mitihani, kusahihisha na kuajiri, wakumbuke kwamba mikononi mwao wameshika mizani, na mizani nayo hupaswa kukaguliwa.