Victor Mukasa

Victor Mukasa ni mwanaharakati wa Uganda, mtetezi wa haki za watu waliobadili jinsia. Alizaliwa akahesabiwa msichana. Hujitambulisha kuwa mwanamume. Mwaka 2004 alishiriki kuanzisha Sexual Minorities Uganda (SMUG), akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Julai 2005 mwenyekiti wa LC1, ngazi ya utawala iliyopo kila kijiji, aliingia nyumbani kwa Mukasa bila hati ya upekuzi akachukua nyaraka. Mgeni aliyekutwa humo alikamatwa, na mikononi mwa polisi akavuliwa nguo ili jinsia yake ithibitishwe. Wote wawili walimshtaki Mwanasheria Mkuu. Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko wa Mahakama Kuu aliamua kwamba faragha, uhuru na utu wao vilivunjwa, akiamuru fidia. Alisisitiza kuwa shauri halikuhusu ushoga bali haki za binadamu. Hapo ndipo uzito wa hukumu hiyo ulipo, kwa kuwa ulinzi wa Katiba ya 1995 ulitambuliwa kuwa wa kila mtu.

Kufikia hukumu hiyo, Mukasa alikuwa amekwisha kuhama Uganda. SMUG ilisimamishwa na serikali Agosti 2022.