Joka Likiacha Kutisha: Leveli za Juu na Mamangi wa Kilimanjaro

Kila anayeendesha kampeni ndefu ya mchezo wa kuigiza wa mezani hufika jioni moja ambapo joka halitishi tena. Wachezaji walioanza kwa kukimbizwa na panya wa ghalani sasa wanaruka angani, wanafufua wafu, wanahama nchi kwa neno moja. Mwendesha mchezo anatoa zimwi lake kubwa kuliko yote. Raundi mbili, kwisha. Watu wanacheka, wanakunja karatasi zao, na wiki inayofuata wawili hawaji. Kampeni za namna hiyo hazifi kwa kushindwa, zinakufa kwa kushinda mno.

Tatizo hili lina umri sawa na mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka 1974 bila kumwekea mpiganaji ukomo wa leveli. Mwaka 1976 kikafuata kitabu cha miungu, Gods, Demi-Gods & Heroes. Mhariri Tim Kask alisema wazi kwenye utangulizi kwamba wanataka kuonyesha upuuzi wa wahusika wa leveli 40 na zaidi. Odin mwenyewe alipewa pointi 300 za uhai, basi huyo bwana wa leveli 44 ni nani? Lakini ukimwandikia mungu pointi za uhai, umeshamwambia mchezaji kwamba anauawa. Dawa ikawa chambo.

Gygax alijaribu njia nyingine. Tomb of Horrors, aliyoiendesha kwenye mashindano ya Origins mwaka 1975, ni kaburi lililojaa mitego ambamo upanga hausaidii kitu. Kwa usiku mmoja inafaa sana. Kwa mwaka mzima wa kucheza, hapana; watu watachoka kugongagonga sakafu kwa fimbo.

Njia ya tatu ilikuwepo tangu vile vijitabu vya 1974, ila wengi waliipita: mpiganaji akifika leveli ya 9 anakuwa bwana, anajenga ngome, anatoza kodi. Mwaka 1984 Frank Mentzer aliifanya kiini cha seti ya Companion, ya leveli 15 hadi 25, yenye kanuni za kutawala jimbo na kupiganisha majeshi. Hapo swali linabadilika. Si tena "nitampigaje huyu?" Ni "nikimpiga, nani atalipa?"

Sisi wa huku hatuhitaji ngome za Ulaya kulielewa swali hilo. Ukiwa Pasua, huku chini ya mji wa Moshi, mawingu yakifunguka unaziona milima na migongo ambako liliwahi kuulizwa kweli. Kwenye miaka ya 1880 Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alikuwa na jirani mwenye nguvu kuliko yeye: Sina wa Kibosho. Rindi hakutafuta upanga mkubwa zaidi. Alitafuta wageni. Mwaka 1885 aliwapokea wamisionari wa Kiingereza, na mwaka huohuo akaingia mkataba na watu wa kampuni ya Karl Peters. Mwaka 1891 Wissmann aliipiga Kibosho, na watu wa Rindi wakiwa upande wake.

Kwa hesabu za mezani, Rindi ameshinda. Lakini alikufa mwaka huohuo, na bili ikamfikia mwanawe, Meli. Juni 1892 Meli aliwashinda Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akafa kwa majeraha. Mwaka 1893 wakarudi na jeshi kubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi kwa tuhuma za kula njama, pamoja na viongozi wengine. Mmoja wao alikuwa Molelia wa Kibosho, mtoto wa Sina. Baba zao walikuwa mahasimu. Watoto wakanyongwa siku moja.

Hawa hawakuwa wahusika wa karatasi, na sisemi mtu achukue kifo cha Meli akakifanye burudani. Ninachosema ni kwamba hapa hakuna hata hatua moja iliyoamuliwa na nani mwenye nguvu nyingi tu. Kila ushindi uliacha deni, na deni lilimkuta mtu ambaye hakulikopa.

Kampeni nyingi za leveli za juu zinakosa hilo. Zimwi la pointi 600 ni kazi ya kete tu. Lakini mpe mchezaji watu 3,000 wanaomwita baba, jirani mwenye kinyongo, na mgeni mpole anayeomba kiwanja kidogo tu cha kujenga. Mwache aseme ndiyo. Halafu rusha miaka kumi, mwambie achukue karatasi mpya na acheze mtoto wake.

Uwezo wa kuruka hautamsaidia sana hapo. Anaweza kumteketeza mgeni asubuhi na mapema, sawa, lakini meli nyingine iko njiani, na jirani anajua itatia nanga lini. Meza itanyamaza. Watabishana nusu saa kabla mtu hajagusa kete, na wiki ijayo wote watakuja.