Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu wa uzazi: zinafanya nini mwilini?

Kama una mimba na unaishi Busia ya Kenya, Busia ya Uganda au Tororo, huenda mama mkwe au jirani amekuambia kuna majani ya kuchemsha ili mtoto atoke haraka. Masoko ya Uganda pia huuza mumbwa, udongo uliofinyangwa na mitishamba, ambao wajawazito huusugua kwenye maji na kunywa. Wengi huuliza kama dawa hizi zinafanya kazi kweli. Baadhi zinafanya, na hatari inaanzia hapo.

Mmea uliochunguzwa sana ni wa Kongo. Miaka ya 1960, daktari Mnorwe Lorents Gran, aliyekuwa huko na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wa Luluabourg (sasa Kananga) wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata wakati wa uchungu. Mikazo ilikuwa mikali mno, na baadhi yao walihitaji upasuaji. Baadaye alipata ndani yake protini ndogo, kalata B1, inayokaza mfuko wa uzazi. Kuichemsha hakuiharibu.

Mfuko wa uzazi ni misuli laini, kama ya utumbo: huwezi kuiamuru kama mkono. Wakati wa uchungu hukaza, kisha hulegea. Inapolegea ndipo damu hupita vizuri kwenye kondo na mtoto akapata hewa. Dawa kali huinyima misuli nafasi ya kulegea. Mtoto hukosa hewa, na mfuko unaweza kuchanika, hasa kama ulishawahi kujifungua kwa upasuaji.

Utasema hospitali nayo hutoa dawa ya kuongeza uchungu. Ni kweli, oksitosini. Lakini hiyo hupimwa kwa matone, na mkunga akiona mikazo imezidi hufunga dripu. Kikombe ulichokwisha kunywa hakifungwi. Wala hujui kina nguvu gani: mumbwa wa muuzaji huyu si sawa na wa yule.

Umeshakunywa? Mwambie mkunga kabla hajakuwekea dripu, kwa sababu dawa mbili za kukaza zikikutana, hatari huongezeka. Pengine utagombezwa. Sema hata hivyo, na kama lugha ni shida, nenda na mtu wa kukutafsiria.

Usingoje asubuhi ukiona maumivu hayaachii kabisa, damu inatoka, mtoto ameacha kucheza, au uchungu mkali umekatika ghafla na mwili unaishiwa nguvu. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye upasuaji: Masafu au Tororo upande wa Uganda, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia upande wa Kenya. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, na mkimbizi huhudumiwa humo kama raia.