Dini Yenu Ni Ipi?

Mwaka 1972 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi karibu na Makambako, na Wachina walikuwa wakijenga reli ya TAZARA. Jumapili moja nilikutana dukani na mkalimani wao, kijana wa rika langu aliyejifunza Kiswahili huko kwao. Tulipokwisha kusalimiana nikamwuliza swali ambalo sisi humwuliza mgeni bila kufikiri: "Dini yenu ni ipi, ndugu?" Akatabasamu, akajibu, "Hatuna dini." Kesho yake niliingia darasani nikaandika ubaoni kwamba Wachina hawana dini. Sentensi hiyo niliifundisha miaka mingi, hata nilipohamia chuo cha ualimu, na walimu niliowafunza wakaenda nayo katika shule zao.

Sasa nimestaafu na ninao muda wa kusoma. Mkalimani yule hakusema uongo. Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Sisi Waislamu na Wakristo tumezoea dini kama nyumba yenye mlango mmoja, ukiingia hii umetoka ile. China haikuwa hivyo. Kwa karne nyingi mtu aliweza kuwaita watawa wa Buddha wamwombee mama yake aliyefariki, akamwita kasisi wa Kitao aondoe mikosi nyumbani, na wanawe akawalea kwa adabu ya Confucius, asijione kigeugeu wala majirani wasimcheke. Hata neno wanalolitumia leo kwa maana ya dini, zongjiao, lilipata maana hiyo kupitia Japani mwishoni mwa karne ya 19. Watu walikuwa wameishi miaka elfu kadhaa na miungu yao bila kuhitaji neno la kuigawa mafungu.

Kama palikuwa na jambo lililowakusanya wote, lilikuwa wajibu kwa wazazi, walio hai na waliokufa. Katika nyumba za watu wenye uwezo palikuwa na vibao vya mbao vilivyoandikwa majina ya wazee wa ukoo, na mbele yake udi ulifukizwa na chakula kikaandaliwa. Mwanzoni mwa Aprili, siku ya Qingming, familia hutoka kwenda kufagia makaburi. Wajibu huo ndio uliozipima dini zote zilizotoka nje.

Chukua dini ya Buddha. Iliingia kutoka India kwa njia za misafara ya biashara, yapata karne ya kwanza baada ya Kristo. Wasomi wa China waliishutumu vikali: mtawa hunyoa nywele alizopewa na wazazi, huacha nyumba, haoi. Je, akifa baba yake ni nani atakayemhudumia kaburini? Mwaka 845 mfalme Wuzong alifunga nyumba za watawa zipatazo 4,600 na kuwarudisha uraiani watawa zaidi ya 260,000. Nisimsifu kwa uchaji, maana alitaka pia ardhi, shaba na kodi ambayo watawa hawakuilipa. Lakini kufikia wakati huo dini ile ilikuwa imekwisha kupata jibu lake. Ilikuwapo hadithi ya Mulian, mfuasi wa Buddha aliyemtafuta mama yake katika mateso ya ahera na kumwokoa kwa sadaka waliyopewa watawa. Kutokana na hadithi hiyo, siku ya 15 ya mwezi wa saba ikawa sikukuu kubwa ya kuwalisha wafu. Dini iliyoshtakiwa kwamba inawatupa wazazi ikageuka kuwa mtunzaji wao.

Sisi wa pwani tuna ukumbusho wetu mdogo katika jambo hili. Zheng He, kiongozi wa merikebu za China zilizofika hata Malindi katika karne ya 15, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan. Huko Sri Lanka aliacha jiwe la mwaka 1409 lenye maandishi ya lugha tatu: kwa Kichina linamtolea sadaka Buddha, kwa Kitamil mungu wa Wahindu, na kwa Kiajemi linamtukuza Mwenyezi Mungu na watakatifu wa Uislamu. Ningemwuliza dini yake ni ipi, angenijibu nini mbele ya mabaharia wake?

Ukristo ndio uliokwama mlangoni, na kisa chenyewe kinaniuma. Padri Matteo Ricci, Mjesuiti wa Italia, alifika Macau mwaka 1582 na Beijing mwaka 1601. Alijifunza lugha, akavaa kanzu ya wasomi, akatazama kwa subira. Akaamua kwamba kuinama mbele ya kibao cha babu ni heshima ya mtoto kwa mzazi, si ibada ya sanamu, na Mkristo anaweza kuendelea nayo. Mapadri wa mashirika mengine waliofuata hawakukubali, wakapeleka mashtaka Roma. Mwaka 1700 mfalme Kangxi mwenyewe alithibitisha kwamba heshima hizo ni za kijamii. Hata hivyo Papa Clement XI alizikataza mwaka 1704 na tena mwaka 1715. Kangxi, aliyekuwa amewakaribisha mapadri hata katika jumba lake, aliposoma amri hiyo mwaka 1721 alighadhibika, akaona ni heri wageni hao wasihubiri tena nchini mwake. Mwanawe alipiga marufuku Ukristo mwaka 1724. Roma ilikuja kuruhusu heshima hizo mwaka 1939. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, msomaji, na familia ngapi ziliambiwa zichague kati ya Kristo na babu yao.

Mimi nami nilikuwa Roma ndogo. Mwaka 1998, nikiwa mkuu wa chuo, mwanachuo mmoja aliomba ruhusa ya siku tatu kwenda kwao, ukoo ulikuwa ukimtambikia babu yake na yeye ndiye mjukuu mkubwa. Nilimwandikia juu ya barua yake kwa wino mwekundu: "Chuo hakitoi ruhusa kwa ushirikina." Hakubisha. Alirudi darasani.

Nilipokuja kusoma habari za Qufu, mji wa Confucius, nilifunga kitabu kwa muda. Novemba 1966, katika Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu waliokwenda kuliharibu hekalu lake walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing. Walivunja mawe ya kumbukumbu, wakachoma sanamu na vitabu, wakafukua makaburi ya ukoo wake. Walimu watarajiwa, na aliyezikwa pale ni yule ambaye Wachina wamemwita mwalimu kwa vizazi zaidi ya 70! Miaka sita baadaye ndipo nilipomwuliza yule mkalimani swali langu dukani. Angenijibu nini kingine?

Aprili 2012 nilikuwa Dar es Salaam kwa binti yangu, nikapita kwenye makaburi ya wataalamu wa Kichina upande wa Gongo la Mboto. Wamelala pale zaidi ya 60, wengi wakiwa wa reli. Nilikuta Wachina wamevaa rasmi, wakaweka maua, wakainama mara tatu kwa pamoja. Miongoni mwao bila shaka walikuwapo wanachama wa chama kinachowakataza wanachama wake kuwa na dini. Machi mwaka uliofuata Rais Xi Jinping naye alifika pale kuweka shada. Nyumbani kwao Qingming ilikuwa imerudishwa kuwa siku ya mapumziko tangu mwaka 2008. Nilisimama kando ya njia nikiwa nimevua kofia, nikamkumbuka mwanachuo wangu.

Ilinichukua mwaka kumpata. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mvi zimeanza. Akaniamkia, "Shikamoo, Mkuu," nami nikamweleza kilichonileta. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mdogo wangu ndiye aliyesimama mahali pangu siku ile, Mzee. Tangu hapo ukoo humwita yeye. Mimi huwa ninatuma nauli."