Karani na Meza Mbili

Msomaji, ukisimama kando ya barabara ya Thika saa kumi na mbili ya asubuhi, utaona jeshi la watu likielekea Nairobi. Wengine wamo katika motokaa zao, wengine wamebanana katika matatu, na nyuso za wengi zaonyesha kwamba usingizi haukuwatosha. Jioni jeshi hilo hilo hurudi lilikotoka. Sisi tulizaliwa tukalikuta jambo hili, nasi hudhani kwamba ndivyo kazi ilivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia, yaani nyumba ni mahali pa kulala, na kazi iko mahali pengine. Lakini desturi hii ina umri mfupi kuliko udhanivyo, na kisa cha kuanza kwake na kulegea kwake kinakuhusu wewe utakayetafuta kazi kesho.

Twende kwanza Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, katika karne ya kumi na nane. Nchi ile ilikuwa nchi ya wafumaji wa sufu. Mfumaji aliweka kitanda chake cha kufumia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mkewe alisokota nyuzi, na watoto walichambua sufu. Sitaki kukudanganya kwamba maisha yale yalikuwa ya raha. Nyumba zilikuwa na giza, ujira ulikuwa mdogo, na watoto wengi walitumikishwa na baba zao kabla ya kutumikishwa na matajiri. Hata hivyo saa za mfumaji zilikuwa mali yake. Akitaka kulima bustani yake asubuhi na kufuma usiku, hapakuwa na wa kumwuliza. Kitambaa kilipokwisha alikichukua sokoni. Katika mji wa Halifax lilifunguliwa mwaka 1779 jumba kubwa la soko, liitwalo Piece Hall, lenye vyumba zaidi ya 300 vilivyozunguka uwanja, nalo lingali limesimama hata leo. Humo ndimo vitambaa vilivyofumwa majumbani vilimouzwa. Basi waona kwamba watu wale walikuwa na mahali pawili pa kazi: pa kutendea, napo ni nyumbani, na pa kukutania na wenziwao, napo ni sokoni.

Mto ndio uliobadili mambo. Mwaka 1771 Richard Arkwright alijenga kiwanda cha kusokota pamba huko Cromford, na mashine zake ziliendeshwa kwa nguvu za maji. Gurudumu la maji halichukuliki kwenda nyumbani. Kwa hiyo ilimpasa mtu kulifuata. Na maadamu gurudumu lilizunguka usiku na mchana, watu waligawanywa katika zamu za saa kumi na mbili, na aliyechelewa mlangoni alipoteza ujira wake wa siku. Tangu hapo tajiri hakununua tena kitambaa tu. Alinunua saa za mtu.

Afisi nazo zikaiga kiwanda. Karani hakuhitaji mto, lakini alihitaji majalada, na majalada yalikaa katika kabati moja chini ya kufuli moja. Hivyo karatasi ikamfunga karani kama gurudumu lilivyomfunga msokotaji. Msimamizi naye akazoea kuipima kazi kwa macho: aliyeketi mezani pake amefanya kazi, na asiyeonekana ni mvivu. Kipimo hiki ni kibovu, kwani kila mtu aliyepata kuketi darasani ajua kwamba mwili waweza kuwapo ilhali akili imekwenda kuvua samaki.

Aliyelionyesha jambo hili waziwazi alikuwa mwanamke. Jina lake Stephanie Shirley, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1933 na kuletwa Uingereza mwaka 1939, akiwa mtoto mkimbizi wa miaka mitano. Alijifunza kuandika programu za kompyuta, akaona jinsi wanawake hodari walivyoacha kazi mara walipopata watoto, kwa sababu afisi haikuwa na nafasi ya mtu mwenye mtoto mchanga. Mwaka 1962 alianzisha kampuni yake kwa mtaji wa pauni 6. Akawaajiri wanawake kama hao wafanye kazi majumbani mwao, kila mmoja kwa saa alizoziweza, wakiandika programu kwa penseli juu ya karatasi na kuzipeleka kwa posta. Barua zake za kuomba kazi hazikujibiwa, mpaka alipoanza kutia sahihi kwa jina la kiume, Steve. Ndipo majibu yakaja. Alipopigiwa simu aliwasha ukanda uliorekodiwa sauti ya taipu, ili mteja asisikie kilio cha mtoto akajua kwamba azungumza na mtu aliyeko nyumbani! Na kazi yenyewe je? Wanawake hao ndio walioandika programu za chombo cha kuweka kumbukumbu za safari katika eropleni ya Concorde, iliyoruka kwa mwendo upitao wa sauti. Kati ya watu 300 wa kwanza aliowaajiri, 297 walikuwa wanawake, na sheria ya mwaka 1975 ya kuzuia ubaguzi baina ya wanaume na wanawake ilipopitishwa, yeye ndiye aliyelazimika kufungua mlango kwa wanaume. Bibi Shirley alifariki mwaka 2025.

Mwaka 1973 huko Los Angeles, Marekani, mhandisi Jack Nilles alianza kuchunguza iwapo waya wa simu ungeweza kuchukua mahali pa safari ya kila siku. Mwaka huo huo mafuta yalipanda bei sana duniani, na swali lake likawa swali la watu wengi. Lakini vyombo vya wakati ule vilikuwa ghali na vizito, na mabwana wakubwa hawakuwa na haraka.

Ushahidi ulio imara zaidi ulipatikana China, mjini Shanghai, katika kampuni ya kuuza safari iliyoitwa Ctrip. Mwishoni mwa mwaka 2010 watumishi wake wa simu waliojitolea waligawanywa kwa siku zao za kuzaliwa, shufwa upande huu na witiri upande ule. Kundi moja lilifanya kazi nyumbani siku nne na afisini siku moja. Kundi la pili lilibaki afisini siku zote tano. Baada ya miezi tisa ilionekana kwamba waliokuwa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13, hasa kwa kuwa mapumziko na siku za ugonjwa zilipungua, na walioacha kazi miongoni mwao walikuwa nusu tu ya wenzao. Lakini lilikuwako neno jingine ambalo wasifu wa mtindo huu hupenda kuliruka. Majaribio yalipokwisha, nusu hivi ya wale wa nyumbani waliomba kurudi afisini. Upweke uliwashinda.

Ndipo watu walipoanza kuuliza kama haingefaa kuchanganya kwa kiasi kilicho sawa zaidi. Kampuni ile ile, iliyokwisha badili jina kuwa Trip.com, ilijaribu tena mwaka 1921 na miaka mia moja juu yake, yaani 2021, ikaingia 2022. Safari hii watumishi walikuwa 1,612, na nusu yao waliruhusiwa kukaa nyumbani Jumatano na Ijumaa tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Ubora wa kazi haukupungua, wala kupandishwa vyeo hakukupungua, na idadi ya walioacha kazi ilishuka kwa thuluthi moja. Faida hii ilionekana zaidi kwa wanawake, kwa wasio wasimamizi, na kwa wale waliokaa mbali na afisi. Wasimamizi, ambao kabla ya majaribio walidhani kazi ingeharibika, waligeuza maoni yao.

Hapa kwetu Kenya, nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Bila hizo tusingekuwa na la kuzungumza. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, serikali iliwataka waajiri wawaruhusu watu wao kufanya kazi nyumbani. Karani aliyekuwa akiamka saa kumi ya alfajiri akaona watoto wake wakinywa chai. Lakini mwashi hakuweza kuupeleka ukuta nyumbani, wala muuguzi mgonjwa wake, wala mchuma chai wa Kericho shamba. Neema hii ni ya wale ambao kazi yao hupita katika waya, nao ni wachache miongoni mwetu.

Tena nyumba ya chumba kimoja si afisi. Umeme ukikatika, hasara ni ya nani? Na simu ya mkubwa ikilia saa tatu ya usiku, mtumishi ajibu? Ufaransa iliweka sheria, iliyoanza kutumika Januari 1917 na karne moja juu yake, yaani 2017, kwamba kampuni zenye watu kuanzia 50 zizungumze na watumishi wao juu ya haki ya kuiacha simu baada ya saa za kazi. Mfumaji wa Yorkshire hakuhitaji sheria kama hiyo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwita kutoka Halifax.