Mastitisi ya granuloma
Mastitisi ya granuloma ni ugonjwa adimu wa titi usio saratani, ulioelezwa na watafiti Kessler na Wolloch mwaka 1972. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, mara nyingi miaka michache baada ya kunyonyesha. Titi hufanya bonge gumu lenye maumivu, ngozi huiva, chuchu huweza kuvutwa ndani, na pengine usaha hutoka. Haishangazi basi kwamba hudhaniwa saratani, au jipu tu, mgonjwa akamezeshwa antibiotiki dozi baada ya dozi bila nafuu.

Ultrasaundi peke yake haiamui ni ugonjwa gani. Daktari hutia ganzi, hudunga sindano nene na kutoa vipande vyembamba vya nyama, mfano wa njiti za kiberiti, vikapimwe kwa hadubini. Kifua kikuu cha titi hufanana mno na ugonjwa huu. Panapo kifua kikuu kwa wingi, kama Tanzania na Kenya, sharti kitafutwe kwanza, kwani dawa ya prednisoloni inayotuliza mastitisi hii huweza kukichochea. Dawa ya methotreksati husaidia pia, lakini si kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Upasuaji huacha kovu, na ugonjwa huweza kurudi. Baadhi hupona bila dawa, japo baada ya miezi mingi.